Spika za Amana

Katika vitabu vya fikihi tulivyosomeshwa ujanani, kila mmoja kwa zamu yake akikaa mbele ya sheikh na jalada limewekwa juu ya marufaa, mlango wa amana ni mfupi. Mwanafunzi huupita haraka kati ya milango mirefu ya biashara na ndoa, na mimi niliupita hivyo hivyo. Hukumu zake ni nyepesi kushika. Aliyewekewa kitu hukihifadhi kama anavyohifadhi chake, wala hakitumii. Akikitumia bila ya idhini ya mwenyewe, ameikhini amana, na tangu hapo dhamana iko juu yake, kiharibike kwa mkono wake au kwa mkono wa mwengine. Kisha wanavyuoni huongeza suala moja la pembeni, ambalo darasani lilituchekesha: nguo ya sufu. Mtu akiwekewa amana nguo ya sufu, akaikunja sandukuni mpaka ikaliwa na nondo, hana udhuru. Ni wajibu wake kuitoa na kuianika. Na ikiwa kuianika hakutoshi, basi aivae, kwa sababu harufu ya mwili wa binadamu huwafukuza nondo. Avae, lakini kwa nia ya kuihifadhi, si kwa nia ya kuvaa.

Tulicheka kwa kuwa hapana hata mmoja wetu aliyewahi kuona nguo ya sufu ikivaliwa Unguja. Sikujua kwamba nitakuja kuishi ndani ya suala hilo kwa miaka.

Jirani yangu wa Malindi alikuwa karani bandarini, mtu wa makamo na mpole, ambaye anasa yake ilikuwa moja tu. Alikuwa na spika mbili kubwa za mbao alizozinunua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, pamoja na amplifaya yenye taa za kioo na gramafoni ya kuchezea sahani za santuri. Kila spika ilinifika kiunoni. Mbao zake zilikuwa na rangi ya halua iliyokolea, na usoni zimevishwa kitambaa cha hudhurungi kilichofumwa kama mkeka. Nyumba zetu zilitazamana kwa upana wa kichochoro. Alasiri, akisharudi kazini, alifungua madirisha akacheza: mara taarabu, mara nyimbo za Misri, mara muziki wa Kizungu wa vinanda vingi usio na mwimbaji, ambao nilijifanya siupendi. Nami nilikaa kwangu na kitabu mkononi, nisigeuze ukurasa.

Baada ya Januari ya mwaka wa sitini na nne, watu wa mtaa wetu walianza kuondoka mmoja mmoja, kisha nyumba kwa nyumba. Jirani yangu alikuwa na mke na watoto wadogo, na alikuwa na jamaa Mombasa. Mama yake alikataa kufuatana nao. Alisema kaburi la mumewe liko hapa, na Mombasa hana kaburi la mtu; akahamia kwa mdogo wake Kikwajuni. Wengine walichukua kile kilichobebeka, na spika hazikubebeka. Hamali wawili walizipandisha kwangu adhuhuri moja, kwa ubavu, kwa sababu ngazi za nyumba zetu hazikujengwa kwa mizigo ya namna ile.

Zilipokwisha kutuliwa, jirani yangu alisimama katikati ya chumba akasema kama inavyotakiwa kusemwa:

"Maalim, nakuwekea amana vitu hivi. Ntarudi."

"Nimekubali," nikajibu.

Kisha hakuondoka mara moja. Nilijua pale pale kwamba lipo swali ambalo mtu mwangalifu angeliuliza, nami najulikana kwa uangalifu: niziwashe, au nisiziwashe? Sikuliuliza. Niliuliza badala yake kama amplifaya ifunikwe kwa kitambaa. Akasema naam, vumbi ndilo adui yake. Tukapeana mikono. Siku nyengine hujiambia kwamba alisita kwa kulingoja swali lile. Siku nyengine hujiambia kwamba alikuwa akisikiliza tu hamali wanavyoteremka. Ninachokijua kwa yakini ni kwamba mimi ndiye niliyeogopa jawabu, kwa kuwa anayeuliza huweza kukatazwa.

Mwaka wa kwanza nilizihifadhi kama mwanafunzi mwema. Zilikaa kwenye pembe mbili za chumba chini ya mashuka meupe, mithili ya wageni waliolala. Masika ikaingia. Malindi katika masika hata jalada la ngozi huota ukungu kwa siku chache, na nilipoinua shuka ili nitazame, nilikuta alama za kijani zimeanza kutambaa kwenye kitambaa cha hudhurungi. Nyuma ya kitambaa hicho, kila spika ina bakuli la karatasi nyeusi, na bakuli hilo ndilo linalotikisika likatoa sauti. Nililigusa kwa ncha ya kidole. Lilikuwa limelegea kama mkate uliorowa chai.

Hapo ndipo nguo ya sufu iliponirudia. Niliipanga kiasi yangu, ule ulinganisho wa kifikihi wa jambo na jambo, kwa utulivu, kama nilivyofunzwa. Sababu ya hukumu katika nguo ni kuharibika kwa kutotumika. Sababu hiyo hiyo iko katika karatasi. Joto la taa za amplifaya hukausha hewa, na bakuli linalotikisika halioti ukungu wala panya hapendi kulala juu yake. Kwa hiyo kuzicheza ni kuzihifadhi, na kuziacha ni taksiri, ni uzembe. Hata leo sioni kosa katika kiasi ile. Kosa lilikuwa katika furaha niliyokuwa nayo wakati wa kuipanga, furaha ya mtu anayetafuta ufunguo huku akijua ameuficha yeye mwenyewe.

Nikaanza na siku ya Ijumaa, baada ya alasiri, upande mmoja wa sahani. Nilitia nia moyoni kama mtu anayeingia kwenye sala: nahifadhi mali ya mwenzangu. Nikakaa mbali, juu ya mkeka, mgongo wima, nikingoja tu sahani iishe. Taa za kioo zilipata wekundu taratibu, kama makaa yanayoanza kushika. Kisha sauti ikatoka. Nilikuwa nimeisikia miaka yote ikivuka kichochoro, imepunguzwa na hewa na kelele za watu. Sikuwahi kuisikia ikiwa chumba kimoja nami. Mpigaji udi alivuta pumzi kabla ya kuanza. Niliisikia pumzi ile. Nilipokuja kutanabahi, nilikuwa nimekwisha kuigeuza sahani upande wa pili.

Mke wangu, ambaye kwa upumbavu nilikuwa nimemsimulia suala la sufu, hakuniachia.

"Maalim, leo joho linaanikwa mpaka magharibi?" aliniuliza kutoka ukumbini.

Na juma lililofuata, aliposikia sahani ya tatu: "Nondo wa nyumba hii wakaidi, mwenzangu. Hawasikii mara moja."

Nilimjibu kwamba masika mwaka huu ni nzito. Masika ilikuwa imekwisha zamani.

Kuanzia hapo makosa yangu yalikuwa na mpangilio mzuri sana. Chumba changu, kama vyumba vyote vya Mji Mkongwe, kilikuwa kirefu na chembamba, maana upana wa chumba hukadiriwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Spika zikiwa kwenye pembe, sauti nzito zilijikusanya na kuvimba, na mwimbaji alisikika kama anayeimba ndani ya kisima. Nilizitoa kwenye pembe, nikazisogeza mbele ya ukuta mfupi. Nikaziinua juu ya matofali niliyoyafunika kwa vipande vya mkeka. Sakafu yetu ilitikisika kila mtu alipopita na sindano ikaruka, basi gramafoni nikaitia ndani ya kidaka cha ukutani, kwa kuwa ukuta wa mawe hautikisiki. Nikachukua uzi wa kushonea wa mke wangu na misumari miwili ya kutia alama sakafuni, nikapima umbali wa kila spika mpaka kwenye kiti, mpaka sauti ya mwimbaji ikasimama katikati ya ukuta mtupu, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Bado palibaki mwangwi wa chokaa kutoka ukuta wa nyuma. Nilijaribu zulia, halikutosha. Kilichoumaliza ni vitabu. Nilihamisha rafu zangu zote nyuma ya kiti, fikihi na tafsiri na nahau, na majalada yale mazito yakaunyonya mwangwi wote. Mlango wa amana ulikuwa humo, nyuma ya kisogo changu, ukinisaidia kusikia vizuri zaidi.

Na nilifanya moja jengine. Sauti nzito zilikuwa bado zikivuma ndani ya maboksi, nami nilikuwa nimesoma mahali kwamba hutiwa pamba ndani ili zitulie. Nikafungua ubao wa nyuma wa kila spika, nikatia sufi, ile pamba ya msufi, iliyotoka kwenye mto wa zamani, nikarudisha ubao. Wa kushoto haukukaa sawasawa. Skurubu moja ililiwa meno. Nikasema nitaitengeneza. Kuvaa nguo ya mtu ni jambo moja, kuipunguza na kuishona upya kwa kipimo cha mwili wako ni jambo jengine, na kwa hilo la pili sikutafuta dalili yoyote, kwa kuwa nilijua haipo.

Kila Ijumaa, kabla ya kurudi kwenye kiti changu, nilikwenda Kikwajuni kumwamkia mama wa jirani yangu. Nilimchukulia samaki, au halua kidogo. Alikuwa binti wa sheikh, mrefu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu, na alizungumza nami kama mtu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi lakini amempenda. Kila mara aliuliza vile vile, spika akiziita makabati:

"Makabati ya mwanangu mazima?"

"Mazima, Bi."

Na ilikuwa kweli. Watu walikuwa wakisafiri kwenda Mombasa kila mara, na salamu za mdomo zikienda na kurudi. Lilikuwa jambo la sentensi moja kumwambia: Bi, muulize mwanao kama nina ruhusa ya kuzicheza. Nililibeba swali lile kutoka Malindi mpaka Kikwajuni, nikalirudisha Malindi, miaka. Nikifika nyumbani nilitia nia, nikawasha.

Nyumba ya jirani yangu ilikuwa imeshapewa watu wengine, familia iliyotoka Ng'ambo, watu wema wasiohusika na lolote. Siku moja mke wa nyumba ile alimwambia mke wangu kwamba hupanga kufua kwake kufuatana na santuri yetu, kwani mikono hupata wepesi. Nilitazama dirishani. Alikuwa amekaa palepale jirani yangu alipokuwa akikaa, akisikiliza bure kama nilivyokuwa nikisikiliza mimi, na nilihisi kama mtu aliyekutwa amevaa kofia ya maiti.

Mwaka wa sabini, mama wa jirani yangu alipata ruhusa ya kusafiri. Mdogo wake alikuwa amefariki, na mwanawe alikuwa akimsihi. Alikuja kuniaga bila ya kutoa habari, na haikuwa Ijumaa. Nami zamani nilikuwa nimekwisha kuacha kungoja Ijumaa ili nicheze. Nilisikia hodi yake chini ukumbini. Niliinua sindano, nikazima, nikafunika amplifaya kwa kitambaa chake, na alipofika juu nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umepungua pumzi, na aliyepanda ngazi ni mimi."

Aliingia. Alitazama spika juu ya matofali yake, akatazama kiti peke yake katikati ya chumba, misumari, rafu zilizohamishwa. Alikwenda kwenye amplifaya, akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakiacha pale kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Ina joto," akasema.

Chumba kile hakikuingia jua. Nilimwambia kweli: kwamba nilikuwa nikiicheza. Kisha, kwa kuwa sikuweza kukaa na sentensi ile peke yake, nililitoa suala langu. Nilimweleza ukungu, bakuli la karatasi, kiasi, nguo ya sufu, wajibu wa kuivaa. Aliniachia nimalize. Nilipomaliza niliona anatabasamu.

"Nguo ya sufu," akasema. "Marehemu baba akiisomesha, mie nimekaa nyuma ya pazia nachambua mchele. Kiasi yako nzuri, Maalim. Haina ufa." Kiganja bado kilikuwa juu ya kitambaa. "Basi nambie. Ulipoivaa, ulijitazama kiooni?"

Ukumbini nilimsikia mke wangu ameacha kuosha vikombe.

"Nilijitazama, Bi."

"Ulipendeza?"

"Nilipendeza sana."

Alicheka mpaka akashika mdomo kwa ukaya wa buibui lake. Nami nilicheka pia, na kwa muda huo mfupi nilidhani nimesamehewa. Kisha akaondoa mkono juu ya amplifaya.

"Mie si mwenyewe," akasema, kwa upole. "Siwezi kukuhalalishia kisicho changu. Ntamwambia."

"Mwambie, Bi."

Hakunitaka niache. Hilo nalisisitiza, kwa sababu yaliyofuata ni yangu peke yangu. Aliagana na mke wangu, akateremka taratibu akishika ukuta, na baada ya siku chache akasafiri. Jioni ile ile nilizifunika spika kwa mashuka yale meupe ya zamani. Nilitaka jibu likija linikute mikono mitupu. Nilitaka, baada ya miaka yote ile, niwe nimezihifadhi japo miezi michache kama mtu aliye safi. Sikuinua shuka. Sikutazama. Kiti nilikigeuza kikaelekea dirishani.

Masika ya mwaka uliofuata ilikuwa masika kweli. Maji yalipenya juu ya boriti, chokaa ikavimba. Mke wangu hakutania tena.

"Masika hii, Maalim," aliniambia, "na wewe huanui wala huaniki. Unaziadhibu hizo, au unajiadhibu wewe?"

Nilimjibu kwamba nangoja idhini. Alinitazama kidogo akaniambia kwamba nilipokuwa sina idhini, joho lilikuwa likipata hewa.

Jibu lilikuja kiangazi kilipoanza, kwa mdomo wa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Mombasa. Alinikuta barazani. Alikuwa mtu mwenye haraka, na aliitoa salamu kama mtu anayetua mzigo.

"Jamaa yako anakusalimu sana. Mama yake kafika salama. Anasema spika haziwekwi kwa mtu ili azitazame. Alidhani umefahamu siku ile ile. Na anauliza: umeziacha pembeni, au umezisogeza mbele? Kasema nisirudi bila ya jibu la hilo."

Nilimwambia anisubiri. Nilipanda ngazi kwa furaha ambayo sikuwa nimeihisi tangu utoto. Nilivua mashuka, nikawasha, nikaweka sahani ya kwanza niliyopata, na kwa mara ya kwanza sikutia nia yoyote, kwa kuwa sikuihitaji. Upande wa kulia aliimba mtu. Upande wa kushoto ulitoa mkwaruzo kama majani makavu yanayokanyagwa.

Nilifungua ubao wa nyuma. Haukuhitaji nguvu, ulikuwa umeachia pale skurubu ilipoliwa. Panya walikuwa wameingia kwa upenyo ule, wakakuta sufi niliyoitia mimi, wakaifanya kitanda, na walipomaliza sufi wakaanza kuguguna ukingo wa bakuli la karatasi. Kila kitu walichokihitaji nilikuwa nimewawekea. Starehe yangu iliwafungulia mlango na kuwatandikia. Wema wangu uliwaachia kimya cha kulelea watoto. Wanavyuoni wanasema aliyeiacha nguo ya sufu mpaka ikaliwa hana udhuru. Sikuwahi kuipinga hukumu hiyo. Nilikuwa nimeipindua tu: nilipokuwa sina idhini nikaitekeleza kwa hamu, na idhini ilipokuwa karibu kunifikia nikaiacha.

Nilirudi barazani. Mfanyabiashara alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mwambie nilizisogeza mbele," nikasema, "mbele ya ukuta mfupi, na kiti nimekipima kwa uzi. Na mwambie ya kushoto imeliwa na panya kwa taksiri yangu, na dhamana ni juu yangu."

"Nimwambie yote hayo?"

"Yote."

Alirudia maneno yangu kwa sauti ndogo ili ayashike, akaenda zake. Sijui alifikisha nusu ipi. Sikupata jibu jengine, na sikuwa na haki ya kulidai.

Niliziba ukingo wa bakuli kwa karatasi nyembamba na gundi, tabaka juu ya tabaka, kwa muda wa juma zima, kwa uangalifu wote ambao nilipaswa kuutumia mapema. Sauti ilirudi. Kwenye nyimbo nyepesi huwezi kujua. Ila inapopita sauti nzito, ya bezi au ya ngoma kubwa, upande wa kushoto hukwaruza kidogo, kama mtu anayesafisha koo ili aseme jambo kisha akaahirisha.

Sasa nina idhini, na huzicheza siku ninayotaka. Mke wangu ameniambia zaidi ya mara moja kwamba nikisogeza kiti kidogo upande wa kulia, mkwaruzo hautasikika. Nimejaribu, na ni kweli. Nikakirudisha pale misumari inapoonyesha, kwenye umbali ulio sawa na spika zote mbili, nikakaa.